Maji ya Mkadini na Kiti Asichokikalia Bi Khairat

Wasikilizaji wapendwa, asalaam alaykum. Aliye jikoni apunguze moto, asogee karibu. Aliye dukani amwombe mteja radhi kidogo. Leo tunamzungumzia mtu ambaye wengi wenu hamlijui jina lake, lakini huenda maji aliyoyapigania mmeyanywa.

Jina lake ni Bi Khairat Turki. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake Kiembe Samaki. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Narudia kwa wale waliofungua redio sasa hivi: Bi Khairat Turki, wa Kiembe Samaki, mzaliwa wa Malindi, Mji Mkongwe. Miaka arobaini na minane. Siwezi kukaa hapa nikakwambieni kwamba marehemu alikuwa amekula chumvi nyingi. Hakula. Chumvi aliyoionja yeye ilikuwa ya namna nyingine, na hiyo ndiyo habari ya leo.

Kwa miaka ishirini, kuanzia mwaka 1985 mpaka mwaka huu wa 2005, kazi yake ilikuwa kuzisaidia halmashauri na kamati za vijiji vya Unguja. Akiwasaidia kupanga maendeleo bila ya kuharibu ardhi, miti na maji. Makaratasi ya ofisini yana jina refu la kazi hiyo. Wanaiita maendeleo endelevu. Bi Khairat akisema hivi tu: kuteka na kubakisha.

Alijifunza wapi maneno hayo? Kwa bibi yake, wasikilizaji. Bi Khairat alizaliwa mwaka 1957 katika nyumba ya ghorofa mbili pale Malindi, nyumba yenye ua katikati, na ndani ya ua, kisima. Babu zake walikuwa watu wa mashamba ya karafuu. Yeye alipopata akili, mashamba yalikwisha kuwa maneno ya kupigia soga, na baba yake, Mzee Turki, alikuwa akiuza vitambaa Darajani. Kilichobaki ni ile nyumba, kile kisima, na bibi yake, Bi Kulthum, mwanamke mkali kama pilipili kichaa. Majirani wakija kuteka, Bi Kulthum husimama mlangoni. Ukiteka ndoo mbili ukataka ya tatu, atakuuliza: "Na anayekuja nyuma yako, anywe nini?"

Khairat mdogo aliteka maji pale tangu akiwa na miaka sita. Kisha mfereji wa maji ya bomba ukaingia ndani ya nyumba. Kisima kikafunikwa mbao, na juu ya mbao vikapangwa vyungu vya mrehani. Alikuwa na miaka kumi. Tangu siku hiyo hakushika tena kamba ya kisima kwa miaka mingi. Hilo liwekeni kichwani, kwa sababu tutalirudia.

Alisoma. Alikwenda chuoni Dar es Salaam, akarudi na shahada ya jiografia na buibui lake lile lile jeusi lililopauka kwa jua. Mwaka 1985 akaanza kazi. Mwaka 1987, Bi Khairat akapelekwa Mkadini.

Mkadini ni kijiji kidogo, upande wa Bwejuu. Nyumba hazifiki mia. Wakati ule kila mtu mjini alikuwa akijenga, na malori yalikuwa yakija kuchota mchanga ufukweni Mkadini mchana kutwa. Bahari ikawa inapanda. Minazi ikawa inaanguka, mizizi juu. Kamati ya kijiji ikaomba msaada serikalini, na serikali ikamleta Khairat. Miaka thelathini, ramani kwapani, na moyo safi kabisa. Moyo wake haukuwa na kasoro, wasikilizaji. Kasoro ilikuwa kwengine.

Mpango wake ulikuwa huu. Ufukwe upumzishwe. Mchanga uchimbwe bondeni, nyuma ya kijiji, mahali pasipo nyumba wala shamba. Akaitisha kikao. Kikao kikafanyika barazani, ubavuni mwa msikiti, baada ya sala ya alasiri. Wajumbe walikuwa wanaume tisa, wamekaa mkekani. Mwenyekiti wao, Mzee Borafya, akatuma kiletwe kiti kutoka nyumbani kwake. Kiti chenyewe kilikuwa kimoja tu kijiji kizima chenye mikono. Wakampa mgeni. Heshima iliyoje! Mwanamke kijana, mbele ya wazee, juu ya kiti cha mwenyekiti. Naye akakikalia.

Hatua ishirini kutoka barazani pale kilikuwa kisima cha kijiji. Wanawake walikuwa wakiteka. Khairat alipokuwa akipita kwenda kikaoni aliwasalimu kama alivyolelewa. "Shikamooni, mama zangu." "Marahaba." Akapita.

Kikaoni akauliza: "Bonde lile mnalitumia kwa lolote?"

Mzee Borafya akawatazama wenzake. "Halina kitu, bibi. Kichaka tu."

"Hakuna atakayeudhika tukichimba?"

"Haina neno."

Mikono tisa ikapanda. Akaandika: Wanakijiji wamekubali. Akatia sahihi. Wanawake walikuwa pale pale, hatua ishirini, kamba zao zikikwaruza ukingo wa kisima. Hawakuulizwa, na wao hawakuja kusema. Mwanamke wa Mkadini wakati ule haingii barazani pa wanaume asipoitwa. Na aliyekuwa na uwezo wa kuwaita alikuwa mwanamke mwenzao, amekaa kitini, miaka ishirini hajashika kamba ya kisima.

Miaka mitatu ikapita. Mwaka 1990 Khairat akarudi Mkadini kuutazama ufukwe wake. Akaukuta umenawiri. Mchanga umerudi, minazi michanga imesimama. Alifurahi mpaka akavua viatu. Wakati wa kurudi, jua kali, akabisha hodi nyumba ya kwanza aliyoiona, akaomba maji ya kunywa.

Aliyefungua alikuwa Bi Sichana. Nami Bi Sichana nimezungumza naye wiki hii, huko huko Mkadini, na maneno haya ni yake mwenyewe. Ana umri wa kiasi cha miaka sitini na mitano sasa, na anatembea na gongo.

Bi Sichana akaingia ndani, akarudi na kata ya maji. Mgeni akapiga funda. Uso ukambadilika. Akalimeza kwa haya, maana huwezi kutema maji ya mwenyeji mbele yake.

"Maliza, bibi wa kiti," Bi Sichana akamwambia. "Ndiyo maji uliyotupa."

Yalikuwa ya chumvi. Maji ya kisima cha Mkadini yalikuwa ya chumvi.

"Yamekuwa hivi tangu lini, Bi Sichana?"

"Tangu mlipochimba bonde. Bonde lile mvua ikinyesha maji hayatuami, yanazama. Yanakuja huku kisimani kwetu. Bibi zetu wakitukataza hata shimo la taka tusichimbe kule. Nyinyi mmelifukua mpaka mmekutana na bahari chini kwa chini."

"Mbona hamkusema?"

Hapa Bi Sichana akanambia: "Nilimjibu jambo moja tu. Nilimwambia, wewe ulitusalimu ukapita."

Ulitusalimu ukapita. Bi Khairat aliishi miaka kumi na mitano baada ya siku ile, na mumewe anasema haikupita wiki asiyataje maneno hayo.

Bi Sichana hakumaliza hapo. Akauonyesha mguu wake wa kushoto. Kwa kuwa kisima kimeharibika, wanawake wa Mkadini walikuwa wakifuata maji kijiji cha pili, njia ya mawe makali, mwendo wa saa nzima. Bi Sichana alianguka na ndoo kichwani. Mfupa ukaunga vibaya. "Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone," akamwambia Khairat. "Mgeni kaja, wenyeji tumeugua. Nenda, bibi. Maji yakimwagika hayazoleki."

Khairat akasema: "Nitayazoa."

"Basi kwangu hutakunywa maji mpaka yawe matamu. Nami sitakwambia nimekuwia radhi mpaka siku hiyo."

Mnajua, wasikilizaji wapendwa, kwa watu wetu hilo ni jambo zito. Kumwambia mgeni kwamba kwako hanywi maji! Lakini ndivyo walivyoachana.

Hebu sasa msikilizeni mtu anayetaka kuyazoa maji yaliyomwagika. Khairat akarudi mjini, akaenda kwa mwenye malori, akamtaka aache kuchimba. Yule bwana hakugombana naye. Alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi, akaiweka mbele yake. "Sahihi hii ya nani, bibi?" Ilikuwa yake. Kibali kilikuwa halali, kimetiwa sahihi na Khairat Turki, kwa niaba ya wanakijiji waliokubali. Ilimchukua miaka miwili kuivunja sahihi yake mwenyewe. Aliandika barua, akasimama mbele ya kila mkubwa aliyekubali kumsikiliza, na kila mahali akianza na maneno yale yale: "Kosa ni langu." Wenzake wa ofisini walimwona punguani. Mtu ataandikaje kosa lake kwa mkono wake? Wengine walipanda vyeo, yeye akabaki pale pale.

Mumewe ni Bwana Abdulrazak, fundi seremala, wazee wake walitoka bara wakafanya maskani Ng'ambo. Nilimkuta kibarazani kwake Kiembe Samaki, mikono imelala mapajani, haijui la kufanya. Alinambia: "Ukutani kwetu kuna karatasi moja tu imetiwa fremu. Fremu nliitengeneza mwenyewe, nikidhani anataka kutundika shahada yake. Kumbe ni nakala ya ule muhtasari wa kikao cha Mkadini, na sahihi yake chini. Nikamwambia, mke wangu, iondoshe, inakutia simanzi. Akanambia, Razaki, hii ndiyo shahada yangu, ile nyengine ilikuwa cheti cha kuingilia darasani."

Kisha akacheka kwa machozi. "Na mimi fundi wa viti! Nakutengenezea kiti, kinakaa miaka thelathini. Lakini mke wangu tangu siku ile hakukalia kiti kijijini. Popote alipopelekewa kiti alishukuru, akakaa chini."

Bonde la Mkadini likafungwa mwaka 1992. Shimo lilikuwa limebaki, na ndani yake maji ya kijani, ya chumvi. Kila Jumamosi Khairat alikuwa kule. Akishirikiana na watu wa kijiji, wakajaza shimo taratibu, udongo, majani makavu, mwani uliotupwa na bahari. Wakapanda miti, mikadi na mitomondo. Wazee wa kamati nao wakashuka bondeni. Mzee Borafya, Mungu amrehemu, alikuwa wa kwanza kuleta jembe. Alisema mbele ya watu: "Mimi ndiye nliyesema ni kichaka tu. Sikuteka maji tangu nizaliwe, ningelijuaje?"

Na kila mwaka, masika yakimalizika, Bi Khairat alikwenda kisimani Mkadini. Hakwenda na vifaa vya kupimia, ingawa alikuwa navyo. Alikuwa akiteka mwenyewe, akionja mwenyewe. Bi Sichana humsubiri, gongo mkononi.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba. Bado?"

Khairat huonja. Hushusha kata.

"Bado."

Basi. Hapo huagana. Mwaka 1993, bado. Mwaka 1994, bado. Watoto wa Mkadini waliozaliwa wakati ule walidhani hayo ndiyo maamkizi ya mjini.

Sasa halmashauri zinaingia wapi? Zinaingia hapa. Khairat alianza kukataa kuongoza kikao chochote cha kijiji barazani. Vikao vyake vikawa kisimani. Na akaweka sharti lake, ambalo lilichukiwa na kila diwani Unguja hii. Mjumbe hapigi kura juu ya ardhi wala maji mpaka ateke ndoo kumi kwa mkono wake. Kumi. Akina mama wakae ukingoni wahesabu.

Fumba wanakumbuka mpaka leo. Kulikuwa na mjumbe mmoja, Bwana Hamad, mtu wa shati lililopigwa pasi hadi mikunjo inakata. Alifika ndoo ya nne, kamba ikamponyoka. Ndoo ikaenda, na alipoinama kuifuata, kofia nayo ikaenda, na kalamu yake ya mfukoni pia. Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini Bwana Hamad alivua shati, akaletewa ndoo nyengine, akazimaliza saba zilizobaki. Kisha akakaa chini, anahema, viganja vimechubuka, akasema: "Haya, mama zangu. Nambieni kisima hiki kinachoka saa ngapi." Kwa sababu kisima kinachoka, wasikilizaji. Wanaoteka wanajua saa, na wanajua mwezi. Siku ile kamati ile ilipunguza idadi ya visima vipya ilivyokuwa imeviidhinisha, kutoka saba hadi viwili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapa mjini nako hakutuacha. Waheshimiwa walipokuwa wakijadili mitaro ya Mji Mkongwe, aliwatoa ofisini na suruali zao za pasi, akawatembeza kuufuata mtaro mmoja kutoka nyuma ya soko hadi unapomwaga baharini, mahali watoto wanapoogelea. Hakutoa hotuba. Aliwasimamisha pale dakika tano, juani, katika harufu ya mtaro.

Mwaka 1998 ikaja mitihani Mkadini. Mwekezaji mmoja alitaka kujenga hoteli, na kwa ajili ya hoteli alitaka kuchimba kisima kirefu cha mashine, si mbali na lile bonde. Safari hii, wasikilizaji, Khairat hakusema neno. Alikaa chini, ubavuni mwa akina mama. Wajumbe wakateka ndoo zao kumi. Kisha mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kusema, na Bi Sichana akasimama kwa gongo lake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusema mbele ya halmashauri.

"Mgeni tunampenda," alisema. "Hoteli tunaitaka, vijana wetu wapate kazi. Lakini mashine hailali. Sisi tukilala, maji yetu yanapumzika. Mashine haitayapumzisha. Ajenge, akinge mvua juu ya mapaa yake. Mapaa yake makubwa kuliko yetu."

Halmashauri ikaandika hivyo hivyo. Hoteli ikajengwa, na matangi ya mvua yakajengwa. Kutokana na kikao kile kukatoka sheria ndogo ya halmashauri ile: hakitolewi kibali cha kuchimba kabla ya kikao kukaa kisimani na wanaoteka kusikilizwa. Bi Khairat ndiye aliyeiandika. Ukiisoma utaona haina jina lake popote.

Na baada ya kikao, Bi Sichana akamgeukia. "Bado?"

Akaonja. "Imepungua. Lakini bado."

Wasikilizaji wapendwa, nafika mahali pagumu, mnivumilie.

Mwaka jana Bi Khairat alianza kuvimba miguu. Akadhani ni kutembea. Alipokwenda hospitali, akaambiwa ni figo, zote mbili, na ugonjwa umekwenda mbali. Daktari akampimia maji. Vikombe viwili kwa siku, basi. Mwanamke yule, aliyezunguka Unguja nzima kwa ajili ya maji, akawa anapimiwa maji.

Binti yake anaitwa Afra, ni mwalimu. Alinambia: "Mama alikuwa akinywa kikombe kimoja asubuhi. Cha pili alikuwa hakinywi. Kila siku tunamwambia, mama, una haki ya kikombe cha pili, kiu inakuua. Anasema, kiwekeni kitupu pale dirishani. Hicho ni cha Mkadini." Afra akaniuliza: "Unajua kiu ya mgonjwa wa figo ilivyo? Midomo inapasuka. Mama alikuwa akikitazama kikombe kile kitupu na kiu ile."

Masika ya mwaka huu yalikuwa mazuri, mliyaona wenyewe. Yalipokatika, Bi Khairat hakuweza kwenda Mkadini. Ilikuwa mara ya kwanza kukosa. Alimwita Afra, akamwambia apige simu kijijini. Bi Sichana akaletewa simu, na yeye na simu hawapatani, akawa anapiga kelele kama anamwita mtu ng'ambo ya ghuba.

"Bibi wa kiti! Mbona hukuja?"

"Miguu, Bi Sichana. Naumwa. Napimiwa maji vikombe viwili, na cha pili sikinywi, nimekiweka cha Mkadini. Nionjee wewe."

Bi Sichana akasema: "Mimi? Mimi sijayaonja maji yale tangu mwaka ule. Nliapa."

"Nnakuomba."

Hiyo ilikuwa Jumapili. Kumbe yule mama, miaka kumi na mitano, alikuwa akiteka maji yale ya kufulia tu, hata kwa kusukutua hakuyatia kinywani. Alikuwa akisubiri wayanywe wote wawili.

Jumatatu asubuhi Bi Sichana alikwenda kisimani peke yake. Akateka. Akaonja. Akaonja tena. Akamwita mkamwana wake, Khamisa, akamwambia: "Onja wewe, ulimi wangu mzee, usije ukanidanganya." Khamisa akanywa kata nzima bila ya kushusha pumzi.

Yalikuwa matamu. Wasikilizaji, maji ya kisima cha Mkadini yalikuwa matamu.

Hakupiga simu. Alisema habari kama ile haisemwi kwenye simu, inapelekwa. Jumanne, baada ya sala ya alfajiri, alijaza dumu la lita ishirini, akalifunga kwa kanga mpya, akapanda gari la samaki lililokuwa likija mjini. Mguu ule mbovu, njia ile yote, dumu kalipakata. Khamisa alitaka kumsaidia, akakataa. Alifika Kiembe Samaki saa nne kasorobo.

Bi Khairat alikuwa amekata roho saa mbili.

Bwana Abdulrazak ndiye aliyemwona kwanza. "Nliwaona watu wanampisha mlangoni mwanamke mmoja, kachoka, ana dumu. Sikumjua, lakini nliiona kanga imefungwa juu ya dumu la maji, nikajua ni yeye. Nikamwambia, Bi Sichana, umechelewa kidogo tu. Akasimama. Akaniuliza, alikunywa kikombe cha pili leo? Nikamwambia, hakunywa."

Wakamwingiza chumbani. Afra anasema Bi Sichana aliketi chini, ubavuni mwa kitanda, akamfunua uso, akamwambia kama anavyomwambia mtu anayesikia: "Khairat, mwanangu. Si bado tena. Yamekuwa matamu. Nimekuwia radhi, na wewe niwie radhi kwa kukunyima maji." Miaka kumi na mitano akimwita bibi wa kiti. Siku ile alimwita mwanangu.

Kisha waoshaji wakafika. Wakauliza maji yako wapi. Bi Sichana akalisukuma dumu mbele.

Ndiyo maji aliyooshwa kwayo, wasikilizaji wapendwa. Bi Khairat Turki hakuyaonja maji ya Mkadini yalipokuwa matamu. Lakini yalimpita kichwani hadi nyayoni, kwa mkono wa Bi Sichana mwenyewe, aliyeomba ashike kata. Akazikwa Mwanakwerekwe baada ya adhuhuri. Kutoka Mkadini walikuja watu gari mbili, na kutoka Fumba alikuja Bwana Hamad, akabeba jeneza.

Kwa Bwana Abdulrazak, kwa Afra, kwa ukoo wa Mzee Turki wa Malindi, na kwa watu wote wa Mkadini, sisi wa kipindi hiki tunakupeni mkono wa pole. Msiba wenu ni wetu. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Khairat, amwongezee nuru kaburini, na atupe sisi subira. Amin.

Nawe unayenisikiliza, hasa wewe uliyechaguliwa kukaa kikaoni na kunyoosha mkono kwa niaba ya watu. Nakuomba ufikiri jambo moja kabla ya kulala leo. Uliwasalimu akina nani, ukapita? Kiti unachokikalia ni cha heshima, hakuna ugomvi. Lakini ukikaa juu yake, unamsikia aliye hatua ishirini? Kabla hujasema haina neno, nenda ukateke ndoo kumi. Bi Khairat alikuwa mtu mwema, mwenye elimu, mwenye nia safi, na bado alikosea. Tofauti yake na sisi ni kwamba yeye alilitundika kosa lake ukutani.

Juzi nilipokwenda Mkadini, nilimkuta Bi Sichana kisimani. Juu ya ukingo kuna kikombe cheupe cha bati, kimefungwa kwa uzi. Afra alikileta baada ya khitma. Ni kile cha dirishani. Bi Sichana akakijaza, akanipa. Nikanywa nikakimaliza.

"Bado?" akaniuliza.

Nikamwambia: "Si bado, Bi Sichana. Matamu."

Akafuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akakichukua kikombe, akakijaza tena, akakiacha ukingoni, hakukinywa.

"Hicho cha anayekuja nyuma yako," akasema.